Ukuta wa Shoga Yangu na Buibui Wake

Chupa yenyewe ilikuwa ya achari ya ndimu, na niliiosha mara tatu kwa maji ya moto isibaki hata harufu ya pilipili. Nalisema hili mwanzo kusudi mtu asinihukumu kwa uchafu. Kosa nililofanya halikuwa la uchafu.

Mjukuu wangu wa kike, binti wa mwanangu wa pili, yuko chuo kikuu, anasoma habari za viumbe. Huu ndio mwaka wake wa mwisho. Mwalimu wake alimpa kazi moja ambayo asipoitimiza hapati cheti: achague kiumbe kimoja kidogo kinachoishi na watu, ajue kinakaa wapi, kinakula nini na kinakulaje. Wenziwe walichagua nyuki na mende. Yeye akaja nyumbani kwangu huku Mji wa Kale, akasimama sebuleni, akanionyesha kidole ukutani.

"Huyu, bibi."

"Huyu mdudu?"

"Buibui si mdudu. Hesabu miguu."

Nikahesabu. Minane. Wadudu wana sita, akaniambia. Nimezaa watoto saba, nimelea wajukuu, na hilo sikuwa nalijua.

Kila aliyelelewa katika nyumba za mawe na chokaa amemwona buibui huyo. Ni mdogo, kama punje ya kunde, bapa, rangi ya vumbi la ukuta, na ubavuni ana ukingo mweupe kama pindo la kitambaa. Hatandi utando wa kunasia nzi. Huenda hatua mbili, husimama, kisha hukugeuzia uso akakutazama, maana mbele ana macho mawili makubwa, na mengine sita ameyapanga kichwani. Akimwona nzi hujibana chini kama paka, akanyemelea, halafu akaruka. Na kabla ya kuruka hubandika uzi ukutani, ili akikosa asianguke. Nimekaa na ukuta ule tangu nilipoingizwa bibi harusi, na miaka yote hiyo sikumtazama hata siku moja. Nilikuwa namfagia.

"Ukoo wao," mjukuu wangu akasema, "kwa vitabu waitwa Menemerus."

Nikalirudia mara moja, likakaa. Watu hustaajabu, maana skuli niliiacha darasa la tatu na chuoni niliishia kuhitimu msahafu tu. Lakini jina likiniingia halitoki. Mtaa wetu huu nawajua wote, nyumba hadi nyumba, waliokufa na waliohama, na watoto wao kwa mpangilio wa kuzaliwa. Hapa siwaandiki kwa sababu hakuna aliyenipa ruhusa. Menemerus hatonishtaki.

Akaniambia wako wa aina nyingi katika ukoo huo, na walio wengi wapenda kuta za nyumba na maganda ya miti, mahali palipo na nyufa za kujificha na jua la kuotea. Huyu wetu, wenye elimu wanaona asili yake ni Afrika, kisha akapanda meli na mizigo ya watu, na leo yuko kila nchi yenye joto.

"Basi alipita bandarini Kilindini bila pasi," nikamwambia.

Akacheka mpaka akakaa chini. Huyo ndiye mtoto ninayemshukuru Mungu kwake. Akicheka, hucheka na mwili wote.

Sasa, kwetu buibui hauawi. Tumefunzwa tangu udogo heshima ya yule aliyetanda mlango wa pango, Mtume akasalimika na maadui. Utando utauondoa kwa fagio, lakini mwenyewe humpigi. Nikamwuliza mjukuu wangu kama na hawa wasiotanda wana heshima hiyo. Akafikiri, akanijibu kwamba hata hawa wana uzi. Jike huingia katika ufa, akafuma kitanda chembamba cha hariri, akataga mayai, akayalalia. Nikasema inatosha. Jamaa wa mheshimiwa naye hapigwi.

Akakusanya majike manane, kila mmoja katika kikopo chake cha plastiki, mdomoni kitambaa cha melimeli na mpira. Akavipanga dirishani kwenye chumba cha juu. Wiki nzima alikuwa akiwalisha kwa kipimo. Jumatatu mwalimu angekuja tawi la chuo lililoko hapa Mombasa kuona jinsi wanavyochagua baina ya nzi na mbu, na kazi ingekuwa imekwisha. Kwa mwalimu yule hakukuwa na siku nyingine. Akikosa Jumatatu hiyo, arudie mwaka.

Jumatano akaitwa chuoni kwa siku mbili. Akaniachia vikopo.

"Bibi, nzi mmoja mmoja tu. Na usiwafungulie."

Nikaitikia. Na ningetii, lau nisingekaa nao. Alhamisi asubuhi nilipanda na chai yangu nikakaa pale dirishani, nikawaona. Kila mmoja amejibandika kwenye plastiki, amemgeukia mwenzake wa kikopo cha pili. Mwingine ananyanyua mikono ya mbele, na jirani yake naye ananyanyua. Nikasema hawa wanaamkuana. Na kila mmoja na kijinzi chake, anakula peke yake nyuma ya ukuta wa plastiki kama mfungwa. Mimi nimekulia kwenye sinia. Kwetu watu wanne husogea wakala sahani moja, na mtoto anayebeba chakula chake akaenda nacho pembeni huonekana ana ila. Hata wagombanao, ukiwatia mikono katika wali mmoja, hupatana. Nikaona huruma.

Nikaosha ile chupa. Nikatia nzi kumi na watano, wazima, niliowakamata mwenyewe kwa kitambaa, ili asiwepo atakayepungukiwa. Nikawamimina wote wanane. Nikafunika kwa melimeli. Nikashuka nikapika, na moyo wangu mweupe.

Ijumaa baada ya sala akarudi.

"Bibi, mbona vikopo vitupu?"

"Nimewaweka pamoja, mamangu. Wamo chupani."

Akainyanyua chupa kwenye mwanga. Akaigeuza. Akaigeuza tena.

"Bibi, hawa ni wawili."

"Ndio hao."

"Na sita?"

Nilikuwa nimekwisha kuona asubuhi, na nilikuwa sijui nitaanzia wapi. "Wamo tumboni mwa huyo mnene."

Yule wa pili alikuwa amekosa miguu mitatu. Nzi walikuwa wakiruka chupani kwa raha zao, hawakuguswa. Mtoto hakunikemea. Alikaa kitandani, akageukia ukuta, akalia bila sauti. Bora angenitukana. Baadaye akanieleza kwamba kule kunyanyua mikono hakukuwa kuamkuana. Walikuwa wakionyana, sogea ukione. Hawa hata ndugu humla. Na hao wawili waliobaki hawamfai tena, kwa sababu mmoja ameshiba kupita kiasi na mwingine ni kilema. Akawatoa dirishani waende zao. Alihitaji majike manane mapya, na yapatikane ifikapo Jumamosi jioni, maana lazima wakae na njaa sawasawa kabla ya kupimwa.

"Nyumba hii imejaa," nikamwambia. "Inuka."

Haikujaa. Ilikuwa mwisho wa Shaabani, na nyie mnajua mwezi huo watu wanavyofanya. Ramadhani haiingii katika nyumba chafu. Mwanangu alikuwa ameleta watu wiki iliyopita, kuta zote zimepigwa chokaa, nyufa zimezibwa, na mkamwana wangu akafuatia kwa dawa ya mende. Nyeupe pe. Tulipita ukuta kwa ukuta na hatukuona hata sisimizi.

Tukatoka. Mtaa mzima ulikuwa unanuka chokaa mbichi. Na huwezi kuingia nyumba ya mtu ukamtazamia ukuta. Lazima hodi, lazima kuulizana hali za wakubwa na wadogo, lazima kukataa chai mara mbili na kuikubali mara ya tatu. Nyumba nne zilitumalizia alasiri.

"Mwatafuta n'ni?" bibi mmoja akatuuliza.

"Buibui."

"Yuwauzwa?"

"Yuwasomwa."

"Yuwasomwa! Basi ingieni jikoni kwangu, kuna mende waliosoma kushinda huyo mtoto."

Muuza halwa tulimkuta mlangoni kwake, na ukuta wake una nzi tangu babu yake. Tukapata mmoja hapo, mjukuu wangu akamtazama kwa kioo chake, akasikitika. "Dume."

"Mie pia dume," muuza halwa akasema, "na sijapata wa kunisoma." Mtoto akainamisha kichwa, na mimi nikamwambia muuza halwa kwamba nilimjua angali anakojoa kitandani. Akatufungia kipande cha halwa, tukaenda.

Jumamosi asubuhi tulifika mpaka bustani ya Mama Ngina, kule ufukweni, kutazama mashina ya miti kabla wauza mihogo hawajawasha moto. Warukaji walikuwapo, lakini wa ukoo mwingine, wenye rangi za kumetameta. Wetu hapana. Njia ya kurudi tukapata majike mawili kwenye fremu ya mlango wa nyumba iliyofungwa. Adhuhuri ilipoadhiniwa tulikuwa na wawili tu.

Nikakaa barazani kwetu kupumzisha magoti. Nikaanza kuzipita nyumba kichwani, moja moja, upande wa kulia mpaka mwisho wa kichochoro, kisha upande wa kushoto. Hii imepigwa chokaa. Hii imepigwa chokaa. Hii imetiwa rangi ya mafuta. Nikafika mwisho nikajua kuna nyumba niliyoiruka. Nikarudi nyuma. Ilikuwa nyumba ya shoga yangu.

Si kwamba nilisahau. Nilikuwa nikiiruka kwa miguu vilevile. Huyu ni shoga yangu tangu chuo cha Kurani. Tulikalia mkeka mmoja, tukapigwa bakora moja. Mumewe alipofariki nilikuwa naye mazishini, nilikuwa naye katika khitma ya kumsomea marehemu, na siku ya arobaini nilipika. Kisha sikurudi. Yeye na mumewe walikuwa wakizungumza kwa sauti kutwa, wakiteta juu ya chumvi na juu ya redio, na mtaa mzima ukiwasikia na kucheka. Nyumba ile ilipokuwa kimya, sikuweza kuingia. Nikasema magoti. Nikasema ngazi. Naye yuko edani, miezi minne na siku kumi, hatoki mlangoni.

Na nyumba ya aliye edani haipambwi. Haifukizwi udi, haipigwi chokaa. Nikainuka.

"Hodi."

"Hodi ya nani?"

"Hodi yangu."

"Sauti naijua," akasema. "Mwenyewe ndiye nimemsahau. Karibu."

Alikuwa uani, chini ya ukuta, amevaa nguo yake nyeupe, hana wanja wala hina. Amekonda. Mjukuu wangu akambusu mkono. Mimi nikakaa, na kabla hata sijauliza hali, macho yangu yakaenda ukutani. Jua la alasiri lilikuwa limeuangukia wote. Chokaa ya zamani, imemomonyoka, nyufa kama ramani. Na buibui wanatembea.

Aliyaona macho yangu.

"Umekuja kwa nini?"

Ningeweza kudanganya. "Kwa buibui," nikasema.

"Hukuja kwa ajili yangu."

"Sikuja kwa ajili yako. Na aibu yake naiona sasa hivi, nimekaa nayo hapa."

Mjukuu wangu akamweleza yote, hata chupa ya achari. Alipofika kwenye sinia, shoga yangu akaniangalia.

"Uliwatia pamoja? Majike manane?"

"Kwa chakula tele."

"Wewe ulikaa na mawifi zako nyumba moja miaka mingapi, na bado hukujifunza?"

Akacheka. Nikacheka. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga, na sikujua ni ya nini na sikuuliza.

Kisha akatuonyesha. Siku zote zile za eda alikuwa akikaa pale jua likiingia, na kwa kuwa hakuwa na wa kuteta naye, aliwatazama hao. Alijua yupi hulala ufa gani. Alijua yupi huwahi kutoka asubuhi na yupi mvivu. Na alikuwa amewapa majina. Majina ya wasichana wa chuoni kwetu, wale wa mkeka wetu na wa mkeka wa nyuma. Akawa ananionyesha kidole na kulitaja jina, na mimi namalizia jina la baba na la mtaa. Huyu mnene, mpenda vya watu. Huyu anayekimbia kabla hajaguswa. Wengine kati ya wenye majina hayo tumekwisha kuwazika.

"Na huyu anayekaa karibu na dirisha kuchungulia njia?" nikauliza.

"Huyo ni wewe."

Mjukuu wangu alikuwa amesimama na vikopo vyake, hathubutu kuomba. Ilibidi mimi niombe. Nikamwambia shoga yangu kwamba mtoto anahitaji sita, na kwamba leo magharibi ndiyo mwisho, na kwamba kosa ni langu, si la mtoto.

Akawahesabu kwa kidole. "Ukutani wapo saba," akasema.

"Najua."

"Siku zangu zimebaki kumi na tisa. Nikikupa, nikae na nani?"

"Nitakuja mimi."

"Wewe huruki."

"Nitakaa hapohapo ukutani, unitazame."

Akamgeukia mtoto. "Utawarudisha?"

"Nitawarudisha, bibi. Wazima."

"Chukua. Ila yule wa ufa wa juu muache. Ana mayai, yu katika arobaini yake, hatoki."

Mjukuu wangu akaanza. Ndipo nikaona kazi yake, maana kwangu alikuwa amewakamata nisipokuwapo. Buibui huyu ukimfukuza hurudi ufani, na huko hutompata. Kwa hiyo hamfukuzi. Humwekea mdomo wa kikopo mbele ya uso, taratibu, kisha kwa nyuma humgusa kwa uti wa fagio la chelewa, kidogo tu. Anaruka mbele mwenyewe, anaingia.

"Kama tulivyoolewa sisi," shoga yangu akasema.

Kila mmoja alipoingia, shoga yangu alimuaga kwa jina. Magharibi ilipoadhiniwa vikopo vilikuwa vinane, na ukutani amebaki mzazi peke yake.

Jumatatu mwalimu alikuja. Mimi sikuwapo, nasimulia nililoambiwa: alikaa saa tatu, akauliza maswali mengi, akaandika, na mwisho akamwuliza mjukuu wangu amewapata wapi majike yenye afya hivyo, yaliyokua sawasawa. Akamjibu kwamba walilelewa. Kazi ikapita. Alinipigia simu kutoka mlango wa chuo, na kelele aliyopiga niliisikia nikiwa nimeshika simu mbali na sikio. Nikasujudu palepale jikoni, na magoti yakanichukua muda kuinuka.

Na mimi nikatimiza yangu. Kila siku baada ya alasiri nilikwenda kwa shoga yangu nikakaa chini ya ule ukuta. Siku ya kwanza hatukuwa na la kusema. Siku ya pili tuliteta juu ya chumvi. Mimi husema haja ya mtu ndiyo humpeleka kwenye mlango wake, na mara nyingi haja yenyewe si nzuri. Nilikwenda kwa tamaa ya ukuta wake, nikarudishiwa mtu. Sikustahili, nikapewa.

Ramadhani ilikuwa imeingia siku sita mjukuu wangu alipowaleta. Wote sita, wazima. Shoga yangu alikuwa amepakata uteo, ungo wa kupepetea, anachambua mchele wa kuloweka kwa vibibi, vile vikate vya futari ya kesho. Ukutani, mayai ya yule wa ufa wa juu yalikuwa yameanguliwa, na vitoto kama chembe za pilipili manga vinazurura.

Mtoto akafungua vikopo kimoja kimoja, mbalimbali, kila mmoja kwenye ufa wake, kama alivyoelekezwa. Watano wakapanda. Wa sita, huyo mwenye jina langu, alisimama ukingoni mwa kikopo, akatazama huku na huku kwa yale macho yake, akaruka upande usio wa ukuta. Akatua kwenye mkono mweupe wa nguo ya shoga yangu.

"Usitikisike, bibi," mtoto akasema. "Atapanda mwenyewe."

"Nani anatikisika?"

Akakaa hivyo, mkono umening'inia juu ya mchele, hata pumzi anaipunguza. Buibui akakaa pia. Jua lilikuwa linaondoka ukutani na futari haikuwa imeanza kupikwa. Nikauvuta uteo polepole kutoka mapajani mwake, nikauweka kwangu, nikaendelea kutoa mawe.